Ukimaliza Unipigie

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa kijijini Daa alinirudishia kitabu nilichomwazimisha. Alikuwa amekaa nacho siku chache tu. Nikamwuliza, "Umekimaliza?" Akacheka kwa aibu, akaniambia, "Mzee Paskali, nisamehe, lakini humo hakuna kinachotokea. Nimefika ukurasa wa thelathini, yule mama bado anapanga nguo."

Sikumkasirikia. Nilimmiminia chai, nikamwambia kwamba mimi mwenyewe kitabu hicho kilinichukua zaidi ya mwaka, na kwamba kuna siku kiliwakatia mtandao watu wote wa Nainokanoka. Hakuelewa. Na kwa kuwa nyinyi wenzake wengi mnanijia na neno hilo hilo, kwamba riwaya za taratibu zinawashinda, nimeona bora niandike. Someni, hata kama mtaruka kurasa. Nimeshawazoea.

Kwa asiyenifahamu, mimi nilikuwa mlinzi wa mnara wa simu. Wenyewe tulikuwa tunaita saiti. Ulinzi ulikuwa jina tu, kazi hasa ilikuwa kulea jenereta. Saiti yangu ilikuwa huko juu Nainokanoka, ndani ya hifadhi, mahali ambapo ukungu unaingia asubuhi na pengine hautoki mpaka kesho yake. Umeme wa kawaida haukufika. Kulikuwa na uzio wa waya, mnara wenyewe, jenereta kwenye banda lake, tangi la dizeli, na kibanda changu cha bati chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa na dirisha moja. Jenereta likizima, betri zinashikilia kidogo, halafu mtandao unakatika, na kuanzia hapo hakuna anayempata mwenzake.

Watu wakisikia nilikaa mnarani wanadhani nilikuwa naongea na simu kutwa. Wapi. Maongezi yote yalinipita juu ya kichwa. Watu wanachumbiana, wanauziana ng'ombe, wanaitana msibani, wanagombana na kupatana, na mimi niko chini pale na kopo la oili. Ningeweza kumpigia yeyote, ila sikuwa na wa kumpigia. Mke wangu Marselina alifariki mapema, na binti yetu Resti akalelewa Mbulu kwa mama yake mdogo, maana saitini si mahali pa kukuzia mtoto. Likizo niliipata kwa mbinde kwa sababu wa kunipokea hakupatikana. Nikifika Mbulu mtoto ananisalimia kama mgeni, ananiletea maji ya kunawa, kisha anarudi zake jikoni. Amekua hivyo hivyo. Alipoajiriwa ualimu alipangiwa Mpanda, tukabaki na simu.

Na simu zenyewe zilikuwa hivi. "Shikamoo Baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo. Kazi?" "Inaendelea. Kwako?" "Salama." "Haya mama." "Haya Baba." Nikishaweka simu mezani nasikia jenereta. Sauti ya Resti ilikuwa inanijia safi, utadhani amesimama mlangoni, na hatukuwa na la kusema. Iliniuma sana, wala sikujua pa kuanzia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Bura, Mwiraqw mwenzangu, aliyekaa saiti ile kabla yangu. Nilipofika alinikataza hata kuangalia geji. Alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya banda, akaniambia niweke kiganja ubavuni mwa jenereta kisha nimwambie linasema nini. Nikamwambia linapiga kelele. "Kaa," akasema, kwa Kiiraqw, kwa sababu akiudhika Kiswahili kilikuwa kinamtoroka. Kesho yake tena, "Kaa." Nilimwona mzee msumbufu tu. Lakini baada ya kukaa sana masikio yakafunguka. Chujio la hewa likijaa vumbi, mngurumo unakuwa mzito kama mtu mwenye mafua. Mafuta yakikaribia kwisha, sauti inapanda na kushuka. Nati ikilegea mahali, kuna mgongano mdogo ndani yake, tik, tik, ambao mgeni hawezi kuusikia.

Alinifundisha na kutoa hewa. Jenereta la dizeli likikauka haliwaki kwa kujaziwa mafuta tu, maana hewa imeshaingia kwenye mipira ya mafuta. Unalegeza nati ya chujio, unapampu kwa kidole gumba, povu linatoka. Unapampu, povu. Unapampu, povu. Kidole kinakufa ganzi na povu bado lipo. Unaendelea mpaka itoke dizeli tupu, ndipo unakaza nati. Ukikaza mapema kwa sababu umechoka, unarudi mwanzo. Najua mashine za siku hizi zinajitoa hewa zenyewe. Sawa, lakini ipo siku mtakutana na ya zamani, na hapatakuwa na fundi.

Sasa kitabu. Siku moja Resti alinipigia, na baada ya zile salamu zetu hakusema haya. Akasema, "Baba, nimekutumia kitabu kwa basi. Kitafika Karatu, dukani kwa Mzee Shabani."

"Kitabu cha nini, mama?"

"Riwaya. Ukimaliza unipigie."

Akakata. Gari la mafuta lilipopanda likaniletea bahasha ya kaki, na ndani kitabu kinene cha jalada la bluu. Nilikishika kwa mikono miwili. Krismasi huwa ananitumia shati, na nashukuru, lakini shati mtu anaweza kumtumia baba wa mwenzake. Kitabu kile alikichagua akinifikiria mimi. Nilifurahi mpaka nikasahau kuhamisha sufuria ya maharage, yakaungua.

Nikakifungua. Ni habari za mjane mmoja, Bi Salome, anayejiandaa kwenda kumwona kaka yake ambaye hawajasemezana kwa miaka mingi. Anapanga begi. Anatoa gauni sandukuni, anakumbuka alikolinunua, analikunja. Jirani anaingia kuomba chumvi, anakaa, anaeleza paa lake linavyovuja. Jirani anaondoka. Bi Salome analikunjua lile gauni. Anatazama nje, kuku wanaparua. Analikunja upya kwa namna nyingine. Ndugu zangu, nilifika ukurasa wa hamsini zipu ya begi haijagusika. Nikawa naongea peke yangu mle kibandani, "Mama, basi linakuacha."

Mimi nilikuwa msomaji, msinidharau. Magazeti yaliyofungiwa vitumbua nilikuwa nayasoma mpaka matangazo ya vifo. Hata vile vitabu vyembamba vya majambazi, kila gari la mafuta lilipokuja dereva aliniachia kimoja, nacho nilikimaliza kabla ugali haujaiva. Lakini hiki kilinishinda nguvu. Nikilala chali nacho, kinaniangukia usoni. Nikikaa, kichwa kinaanguka chenyewe. Nikajaribu kusoma nimesimama, nikazunguka uzio huku nasoma, nikajigonga kwenye waya wa mnara, alama iko hapa kwenye paji mpaka leo. Na ukungu wa kule unalowesha kila kitu. Kurasa zilijikunja na kushikana kama majani ya kabichi, ikabidi niwe nakianika juu ya bodi ya jenereta. Kikakauka, lakini kikaanza kunuka dizeli. Binti wa jirani ameniambia kinamtia kichefuchefu. Hilo namkubalia.

Halafu ikaja siku ya aibu. Kulikuwa na tangi dogo ambalo nililijaza kwa mkono kutoka lile kubwa, na lilitakiwa kujazwa baada ya chakula cha mchana. Siku hiyo jua lilitoka, jambo adimu. Nikala, nikajiambia nisome ukurasa mmoja kwanza huku naota jua. Bi Salome alikuwa anakagua vifungo vya gauni, kimoja kimoja, na kila kifungo kina historia yake. Nikalala usingizi wa kwelikweli. Jenereta likanywa tangi lote, likazima. Kilichoniamsha ni watu waliojaa kwenye uzio.

Walikuwa wazee kadhaa wa Kimasai na fimbo zao, kina mama, na Mangi mwenye duka pale senta akiwa bado amevaa aproni. Mzee mmoja akaniuliza kwa utaratibu kabisa, "Wewe ni mzima?" Walidhani nyati ameniua, kwa sababu jenereta lile lilikuwa halinyamazi. Wameacha ng'ombe wakaja kuniokota. Mangi yeye alikuwa na lake. "Nilikuwa naongea na mke wangu yuko Moshi," akasema. "Simu ikakatika nikajua kanikatia makusudi. Mwenzio nimeshamnunia." Nikatoa hewa mbele ya kadamnasi, povu baada ya povu, na kila mtu ananipa ushauri. Lilipowaka, simu zote zikaanza kulia mifukoni mwao kwa pamoja. Walicheka, nikacheka nao, kisha wakaondoka, nikabaki peke yangu na kitabu changu kimelala kwenye majani.

Lakini shida yangu kubwa haikuwa usingizi. Ilikuwa lile neno la Resti, ukimaliza unipigie. Nyinyi mngefanyaje sijui, ila mimi nilikuwa mtu wa saiti. Kazini kwetu bosi wa Arusha alikuwa hataki kusikia kazi nusu. Ukimpigia kumwambia unaendelea kutengeneza, anakukemea: usinipigie unatengeneza, nipigie imetengenezeka. Miaka yote nimeishi hivyo. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia nikimaliza nimpigie, nililipokea kama agizo la kazi. Nikajiapiza sitampigia mpaka nifike mwisho. Sikutaka aone baba yake ameshindwa hata kusoma.

Naye hakupiga. Masika ikapita. Nikasoma kurasa mbili, nikarudi moja kwa sababu nimesahau. Kiangazi kikaingia, majani yakawa ya njano. Bi Salome akatafuta soksi. Kila jioni nilikuwa naishika simu, naangalia jina lake, nairudisha mezani, najiambia bado. Kuna siku nilihesabu kurasa zilizobaki nikaona bora nianze kulima. Usifanye hivyo kamwe, kuhesabu zilizobaki. Dereva anayekodolea mshale wa mafuta njia nzima haoni barabara, na mafuta hayaongezeki. Nilikuwa mpweke mno kipindi kile. Nasema wazi kwa sababu vijana mnadhani upweke ni wa wasio na simu.

Mtu aliyenitoa pale alikuwa Koko Naserian. Koko ndivyo wanavyomwita bibi kwa Kimasai, nami nilimwita hivyo ingawa hatukupishana sana umri. Alikuwa anakuja kuchaji simu yake kwangu. Simu yenyewe ilikuwa ya tochi, imefungwa kwa mpira, na wanawe walikuwa kazini Arusha na Zanzibar. Wakati inachaji anakaa nje ya mlango wangu, anashona shanga, na tunapeana habari.

Sasa kama hujakaa na Wamasai hujui kupeana habari. Kuna namna yake, wanaita ilomon. Sisi mjini mtu akikuuliza habari unasema nzuri, umemaliza. Kwao hiyo si habari. Namsalimia, "Takwenya, Koko," anaitika "Iko," halafu anaanza pale tulipoachana mara ya mwisho. Ameondoka hapa, amepita kwa fulani, amekuta wanatengeneza boma, wakampa maziwa, maziwa yalikuwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, akafika nyumbani, akalala, akaamka. Hata kama kuna msiba mkubwa njiani, msiba unakaa mahali pake, unaufikia ukifika. Na wewe msikilizaji kazi yako ni kuitikia, "Eee," kila anapovuta pumzi. Ukimwuliza mwanzoni, kwani imekuwaje, anakuona umekosa adabu. Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Baadaye nikawa naisubiri kuliko chakula.

Ikija zamu yangu, sikuwa na habari. Niseme nini, jenereta limenguruma? Siku moja, kwa kukosa neno, nikampa habari za Bi Salome. Nilidhani atachoka. Aliacha kushona.

"Gauni lina rangi gani?" akauliza.

"Sikumbuki, Koko."

"Huyo kaka yake, walikosana kwa nini?"

"Bado hawajasema."

"Eee. Watasema." Akauliza tena, "Na yule jirani wa chumvi, alipewa?"

Nikataka kujibu ndiyo, nikagundua sijui. Nikaingia ndani, nikakichukua kitabu, nikarudi ukurasa ule nimesimama hapo hapo mlangoni. Hakupewa. Jirani ameongea juu ya paa lake, Bi Salome amemwitikia, amemtengea kigoda, amempa pole, na jirani ameondoka mikono mitupu. Chumvi ilikuwepo, imetajwa kwenye kabati ukurasa wa nyuma yake. Nilikuwa nimesoma yote hayo na sikuona. Nikamsomea Koko kipande kile, nikimtafsiria penye ugumu. Akatikisa kichwa taratibu. "Huyu mama ni mtu wa kunyima," akasema. "Sasa najua kwa nini kaka yake hasemi naye."

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Nikawa nasoma ili nimpe Koko habari, na ukisoma ili umpe mtu habari huwezi kuruka, maana atakuuliza. Nikaacha kusoma kwa macho, nikawa nasoma kwa sauti, taratibu, nikiwa nimekaa juu ya ile ile ndoo ya Mzee Bura. Nilikuwa nasoma asubuhi wakati chai inachemka, kipande tu, na naacha katikati, Bi Salome akiwa ameinua mkono, ili kesho nijue pa kurudi. Jaribuni. Wengi mnashindwa kwa sababu mnasubiri kitu kikubwa kitokee, mnapitwa na vidogo vilivyotokea. Yule mama alinyima chumvi, akadanganya kuhusu kifungo, akaficha barua ya kaka yake chini ya soksi. Begi lilikuwa bado wazi, lakini mimi nilikuwa natetemeka.

Halafu Koko akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Ilikuwa mchana, ukungu umefunguka kidogo, mtu anaona mpaka kwenye kilima cha pili. Akasema, "Hiki kitabu ulipewa na mtoto wako."

"Ndiyo, Koko. Yuko Mpanda."

"Umempa habari zake?"

"Bado. Aliniambia nikimaliza nimpigie. Sijamaliza."

Aliniangalia vile mtu anavyomwangalia ng'ombe aliyeingia nyumbani. "Kwa hiyo mmekaa kimya."

"Mpaka nimalize."

"Tangu masika."

"Ndiyo."

Akafunga shanga zake kwenye kitambaa. "Mimi nikingoja mambo yangu yaishe ndiyo nikupe habari," akasema, "nitakupa nikiwa nimekufa." Akachukua simu yake, hata haijajaa, akaondoka. Sijui kama alikasirika. Nadhani alitaka kuniachia nafasi.

Nilikaa na simu mkononi mpaka kiganja kikatoa jasho, kwenye baridi ile. Nilikuwa naogopa. Labda angepokea aseme haya Baba, na ikawa ndiyo mwisho wa kila kitu kati yetu, maana baada ya kitabu kile sikuona kingine tungekuwa nacho. Nikampigia hivyo hivyo.

"Shikamoo Baba." Sauti imeshtuka.

"Marahaba mama. Sijamaliza."

Nikadhani simu imekatika, nikageuka kuangalia jenereta, linanguruma vizuri.

"Hujamaliza nini?"

"Kitabu. Ulisema nikimaliza nikupigie. Nimefika pale Bi Salome anakalia begi ili lifunge, na halifungi."

Nikasikia anavuta pumzi vile watu wanavyovuta wakilia. "Baba, muda wote huu ulikuwa unasoma?"

"Nasoma. Kinakwenda polepole, mwanangu. Kilinilaza siku moja mtandao ukakatika."

"Nilijua hukukitaka," akasema. "Nilijua umekitupa chini ya kitanda. Nikasema basi, nisimsumbue."

Hebu fikirini, mtoto anakaa miezi yote hiyo anadhani baba yake amekataa zawadi yake, na baba amekikumbatia kitabu kama nini sijui, wote wawili tunangojeana. Mnara uko mzima juu yangu. Nikamwambia, "Nisamehe, mama. Nilidhani unataka ripoti."

Akacheka katikati ya kilio. "Ripoti ya nini? Baba, mimi mwenyewe sikukimaliza. Niliishia kwenye vifungo."

"Sasa unanitumiaje kitabu kilichokushinda?"

"Nilikichagua kwa sababu ni kirefu," akasema. "Nilitaka kitu ambacho hutakimaliza kwa simu moja. Nilitaka unisimulie. Wenzangu wote walisimuliwa na baba zao, mimi ulikuwa unakuja unaondoka."

Nikamwambia asikate. Nikakifuata kitabu, nikavuta ndoo, nikakaa. Nilianza kwenye sanduku na gauni, na sikuruka chumvi. Nilimpa kama Koko anavyonipa mimi, kila jambo mahali pake. Alipokuwa anavuta pumzi nilijua yupo. Tuliongea mpaka akasema ana vipindi vya mchana, wanafunzi wanamngoja, nipige tena Jumapili.

Nikapiga Jumapili. Nikapiga na iliyofuata. Nilikuwa nasoma kipande wiki nzima, namsimulia Jumapili, na katikati ya Bi Salome yeye naye akaanza kuchomeka mambo yake. Kwamba mkuu wa shule hamtaki. Kwamba kuna mwanamume alitaka kumwoa, wameachana, na hakuwa na wa kumwambia. Kwamba mama yake mdogo alikuwa mkali kuliko nilivyojua. Hayo hakuyasema kwa mpigo. Yalikuja taratibu, lile la kuachana lilinifikia baada ya Jumapili nyingi, limezungukwa na habari za mvua na bei ya mchele. Nilishamzoea Koko, kwa hiyo sikumharakisha. Nilisema "Eee" tu. Zamani ningemkatisha, ningemwambia haya mama, jikaze.

Mambo yakabadilika huko juu. Mafundi wakaja na paneli za jua na betri kubwa za kisasa, na kifaa kinachopeleka taarifa Arusha chenyewe. Kijana aliyekifunga alinionyesha kwenye kompyuta yake, mnara unajisemea kila kitu bila mlinzi. Ni kitu kizuri, sikatai. Jenereta likabaki akiba, limefunikwa turubai. Nilipoweka kiganja ubavuni mwake lilikuwa la baridi, nikajua na mimi nimekwisha. Koko Naserian alikuwa ameshaondoka kabla yangu, amefuatana na familia ya mwanawe mkubwa kwenda kuishi mbali. Alikuja kuniaga na kunipa habari kama kawaida, tangu alipoamka, na kuondoka kwenyewe akakutaja mwishoni kabisa, pale palipokuwa mahali pake. Simu yake ya tochi siku hizi haipatikani. Nimejaribu.

Basi nikarudi Daa. Nyumba niliyojenga kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuishi ndani yake, na vyumba vilinishinda kwa ukubwa. Kulikuwa kimya mno, siku za kwanza silali kwa kukosa mngurumo. Kitabu nilikimalizia humo, asubuhi moja chai ikichemka. Nilisoma ukurasa wa mwisho kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kusema eee. Nikakifunga nikalia. Sikulia kwa sababu ya Bi Salome peke yake. Nililia kwa sababu kimekwisha, na nilijua Jumapili nitamweleza Resti mwisho wake, na baada ya hapo tutarudi kwenye haya mama, haya Baba.

Jumapili ikafika, nikampigia. "Shikamoo Baba." "Marahaba. Mama, nimemaliza."

"Mwisho usiniambie leo," akasema. "Nimechoka. Niambie Jumapili ijayo."

Jumapili ijayo nikapiga, nimejiandaa. Tukazungumza juu ya jino linalomsumbua, na mahindi yangu, na mwalimu mpya aliyepangiwa shuleni kwao, mtu wa Singida, mpole, mara tatu amemtaja. Nilipokohoa kidogo nianze kumpa mwisho, akanikatisha. "Hapana Baba. Jumapili ijayo."

Umepita mwaka. Kila Jumapili nampigia, na mwisho wa kile kitabu bado sijamwambia.